Mungu wa Jikoni na Mlango wa Chuma

Tarehe 23 ya mwezi wa 12 katika kalenda ya kale ya Wachina, kwenye nyumba za kaskazini, mungu wa jikoni hupakwa sukari mdomoni kisha huchomwa moto. Kusini wengi hungoja hadi tarehe 24. Jina lake Zao Jun, na mwaka mzima huwa amebandikwa juu ya jiko: karatasi iliyochapwa kwa rangi kali, masizi yakimjaa usoni, huku akisikia kila linalosemwa chini yake. Anajua nani kamsema mama mkwe na nani kaficha nyama. Moto ndio usafiri wake wa kwenda mbinguni kutoa taarifa za familia, na sukari ile ya kunata ina kazi mbili, kutegemea unamuuliza nani. Wapo wasemao ni ili atoe maneno matamu. Wapo wasemao ni ili mdomo ugande asiseme lolote. Usiku wa kuamkia mwaka mpya hubandikwa mwingine, uso safi, hajasikia kitu.

Rushwa hiyo ya peremende imechekesha watu kwa karne nyingi, lakini mimi huiangalia kwa jicho la mwenye duka. Mungu anayechomwa kila mwaka lazima anunuliwe kila mwaka. Nyuma ya karatasi ile alikuwapo mchoraji, mchonga kibao, mchapaji, mpakaji rangi, na mchuuzi aliyebeba mzigo begani kwenda gulio la kijiji wiki chache kabla ya sikukuu. Wote hao walikula kwa sababu mila ilisema picha ya mwaka jana haifai tena.

Ndiyo maana sipatani na namna tulivyozoea kuuomboleza ufundi wa jadi. Habari huwa ni ile ile: mzee wa mwisho, miaka themanini na kitu, mikono inatetemeka, vijana hawataki kujifunza. Kamera inamsogelea, muziki wa huzuni unapigwa. Hakuna anayemuuliza mzee alikuwa akimuuzia nani. Ukiitazama China kwa swali hilo, unaona kwamba fundi si wa kwanza kupotea. Anayetangulia ni mteja, na mteja mkubwa wa kazi za aina hii ni mila yenyewe: siku fulani, mlango fulani, shughuli fulani isiyoweza kupita bila kitu fulani kununuliwa.

Chukua Yangliuqing, mji mdogo ulio magharibi ya Tianjin, kando ya Mfereji Mkuu. Mfereji huo ndio uliouneemesha. Karatasi nzuri na rangi zilikuja kwa mashua kutoka kusini, na tangu enzi ya Ming mji ukajulikana kwa nianhua, yaani picha za mwaka mpya. Wenyewe walijisifu kwamba hakuna nyumba isiyojua kushika brashi. Kazi huanza kwenye kibao cha mti wa pea, ambao una nyuzi ngumu zisizokatikakatika kisu kinapopita. Mistari ya wino mweusi huchapwa kwanza, kisha kibao kimoja kimoja cha rangi. Mpaka hapo haina tofauti kubwa na miji mingine iliyochapa picha kama hizo. Kilichoitenga Yangliuqing ni hatua ya mwisho: brashi.

Karakana yake ina kitu ambacho nisingekibuni. Ukutani zimefungwa mbao ndefu kwa bawaba, zimepangana kama kurasa za kitabu kikubwa kupita mtu. Kila ubao una picha iliyobandikwa mbele na nyingine nyuma. Mpakaji rangi anafungua ubao wa kwanza, anatia waridi kwenye mashavu ya mtoto, brashi moja ikiwa na rangi upande mmoja na maji upande wa pili ili wekundu ufifie wenyewe kuelekea sikioni. Anafunga, anafungua wa pili, shavu tena. Akifika wa mwisho, wa kwanza umeshakauka, anarudi na rangi nyingine. Mbao hizo kwa Kichina zina jina linalotaja mlango. Watu walikuwa wakipaka rangi juu ya milango picha zitakazokwenda kubandikwa milangoni.

Mtoto mwenyewe ni yule mnene, uso wa mviringo, kakumbatia samaki mkubwa mwekundu, nyuma yake maua ya yungiyungi. Mgeni huona mtoto na samaki. Mchina husikia sentensi. Ua hilo huitwa *lian*, na *lian* nyingine maana yake ni kuendelea bila kukatika. Samaki ni *yu*, na *yu* nyingine ni ziada, kile kinachobaki baada ya kula. Picha nzima inasema: mwaka hadi mwaka tubaki na akiba. Popo pia wamejaa kwenye nguo na sahani za kale, si kwa uzuri wa popo, ila kwa kuwa jina lake, *fu*, linalingana kwa sauti na neno la heri. Herufi ya *fu* hiyo ya heri hubandikwa mlangoni juu chini, kichwa kikiwa miguuni, ili apitaye aseme “fu imepinduka”. Na neno la kupinduka linasikika sawasawa na neno la kufika. Mpitanjia hajui, kumbe kashakutamkia kwamba heri imefika nyumbani kwako.

Mchezo huo una upande wake mchungu. Usimpelekee Mchina zawadi ya saa ya ukutani, kwani “kumpa saa” ni sauti moja na kumsindikiza mtu katika mauti yake. Wapendanao hawagawani pea moja, kwa sababu kugawana pea kunasikika kama kutengana. Aliyekulia kwenye kanga hahitaji kuelezwa sana hapa. Kwetu nguo husema ambalo mdomo hausemi, na jirani akishajifunga lake unajua umejibiwa. Tofauti ni kwamba kanga huandika maneno yake pindoni, ilhali Mchina huyaficha ndani ya samaki.

Sasa, biashara hii imepigwa mapigo mengi, na inafaa kuyapima moja moja kwa sababu si yote yenye uzito sawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitambo ya Shanghai ilianza kumwaga picha za rangi za kalenda, zenye mabibi waliovaa kisasa, kwa bei ambayo kibao cha pea hakiwezi kushindana nayo. Pigo kubwa, lakini picha bado zilibandikwa. Mwezi Novemba 1949, Jamhuri ya Watu ikiwa haijafikisha hata miezi 2, Wizara ya Utamaduni ilitoa agizo juu ya picha mpya za mwaka mpya: miungu itoke, waingie wakulima, wafanyakazi na askari. Waliotoa agizo hilo walijua wanachokifanya. Walikuwa wameona kwamba ukitaka kuingia katika kila nyumba ya kijijini, njia tayari ipo, nayo imegandishwa kwa uji wa unga. Mwaka 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza, ukaja ule msako wa kuangamiza “mambo manne ya kale”, yaani fikra, utamaduni, desturi na mazoea ya zamani, na vibao vingi vilichomwa au kupasuliwa kuni. Miaka ya 1980 picha zilirudi ukutani kwa kishindo. Nyingi zilitoka kwenye mitambo mikubwa ya uchapaji, lakini zilirudi, na wachongaji waliobaki wakapata kazi.

Kisha ukaja mlango wa chuma.

Walinzi wa mlango katika picha za Kichina ni wawili. Mashuhuri kuliko wote ni Qin Shubao na Yuchi Gong, majenerali wa mfalme Taizong wa enzi ya Tang aliyetawala kuanzia mwaka 626. Hadithi husema mfalme alisumbuliwa na mizimu usiku, majenerali wale wakasimama mlangoni wakiwa na silaha, akalala. Kwa kuwahurumia asiwakeshe kila siku, akaagiza wachorwe. Mlango wa nyumba ya kale una mbao mbili zinazokutana katikati, basi kila jenerali ana ubao wake, na wanatazamana. Ukifunga mlango wanakaribiana uso kwa uso. Ndivyo walivyochorwa kwa mamia ya miaka, mmoja akigeukia kushoto, mwingine kulia.

Ghorofa la kisasa lina mlango mmoja wa chuma, ubao mmoja, tundu la kuchungulia katikati. Utambandika nani? Ukiwaweka wote wawili kwenye ubao huo wamebanana kama abiria wa daladala. Ukiweka mmoja, anatazama ukuta. Vivyo hivyo kwa maua ya karatasi yaliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa madirishani kaskazini mwa China: yalizaliwa pale dirisha lenyewe lilipokuwa la karatasi nyeupe, lililobadilishwa mwisho wa mwaka, na karatasi mpya tupu ikaomba pambo. Kioo hakibadilishwi mwisho wa mwaka. Hakiombi kitu. Na jiko la gesi lenye feni ya kunyonya moshi ukutani, Zao Jun atakaa wapi?

Hakuna aliyewakataza watu wa maghorofani. Hakuna askari, hakuna msako. Nyumba tu ilibadilika umbo, na mila ikakosa pa kukaa. Kwa maoni yangu hilo liliudhuru ufundi wa Yangliuqing kuliko mwaka 1966, kwa kuwa kibao kilichopasuliwa huweza kuchongwa tena kama kuna anayengoja picha.

Ushahidi ulikuja wenyewe. Mwandishi Feng Jicai, mzaliwa wa Tianjin, aliongoza kuanzia mwaka 2003 kazi kubwa ya kuorodhesha sanaa za watu wa kawaida nchini mwake, na picha za mwaka mpya zikawa mbele kabisa. Mwaka 2006 China ikatangaza orodha yake ya kwanza ya taifa ya urithi usioshikika, yaani mila na ufundi, vipengele 518, Yangliuqing ikiwamo. Miaka mitano baadaye, mwaka 2011, vijiji vya kusini mwa mji huo vilivyochora kwa vizazi viliingizwa katika mpango wa kubomolewa, wakazi wahamie maghorofani. Feng na wenzake walikimbilia huko kupiga picha, kurekodi na kukusanya vibao. Kazi hiyo aliifananisha na kumhudumia mgonjwa aliye katika sakarati. Mwaka huo huo, tarehe 1 Juni, sheria ya taifa ya kulinda urithi usioshikika ilikuwa imeanza kufanya kazi. Ufundi ulikuwa na orodha, sheria na mtetezi mashuhuri. Uliokosa ni mlango.

Siwabezi walioandika orodha. Bila wao hata kumbukumbu isingekuwapo. Ila tazama picha ya Yangliuqing inauzwaje leo: imesuguliwa vizuri, imetiwa kwenye fremu ya kioo, inanunuliwa na mtalii au na ofisi inayotafuta zawadi ya mgeni. Bei ni nzuri mara nyingi kuliko ya zamani. Lakini iliyotiwa kioo haibandui mtu. Mteja huyo amenunua mara moja, basi, labda mpaka mtoto wake aoe. Ufundi uliojengwa juu ya karatasi ya kuchakaa sasa unaishi kwa kuuza kitu kisichochakaa, na hesabu hiyo haiwezi kulisha mji.

Kuna ufundi mwingine wa karatasi ambao hauna shida hiyo kabisa, na serikali ya China haiupendi. Ni ule wa kutengeneza vitu vya kuwachomea marehemu.

Mwanzoni mwa Aprili, tarehe 4 au 5, ni Qingming, siku ya kuzuru na kusafisha makaburi. Tangu mwaka 2008 ni sikukuu ya taifa. Familia hupalilia, hupanga vyakula, huwasha udi, na wengi huchoma karatasi: noti za Benki ya Kuzimu zenye sifuri zisizohesabika, dhahabu ya bati, na vitu vya matumizi. Nenda Sham Shui Po, Hong Kong, usimame mbele ya moja ya maduka hayo. Juu zinaning'inia nyumba za ghorofa zenye watumishi wa karatasi mlangoni. Kuna magari, suti zilizokunjwa, viatu, seti ya mchezo wa mahjong, vikapu vya maandazi ya mvuke. Kuna simu, ndani ya boksi, na chaja yake. Fundi wa kazi kubwa hupasua mwanzi kuwa fito nyembamba, akazikunja kiunzi, na kila zinapokutana fito mbili hazifungi kwa kamba. Huzungushia kipande chembamba cha karatasi laini kilicholoweshwa gundi, kikikauka kinashika kama fundo. Kisha huvisha ngozi ya karatasi ya rangi. Siku mbili au tatu za kazi, moto wa dakika chache.

Mwaka 2016 Gucci, kampuni ya mikoba ya kifahari, iliandikia baadhi ya maduka ya Hong Kong ikiyataka yaache kuuza mikoba ya karatasi iliyofanana na yake. Watu walicheka na kukasirika kwa pamoja, na kampuni ikaishia kuomba radhi. Mimi nadhani wale mafundi walipaswa kuitia barua ile kwenye fremu. Hakuna orodha ya urithi iliyowahi kutoa cheti cha ubora kama hicho, kwamba mkoba wa kupelekewa bibi ahera umemshughulisha mwanasheria wa duniani.

China bara, kanuni za mazishi za mwaka 1997 zilikataza kutengeneza na kuuza vifaa vya mazishi vya “ushirikina wa kikabaila”. Miji kadhaa imeongeza marufuku yake, na ina hoja: moshi, na moto unaoanzia makaburini ukapanda mlimani. Mji wa Nantong, mkoani Jiangsu, ulipotangaza marufuku kuelekea Qingming ya mwaka 2024, malalamiko yalitoka nchi nzima. Karatasi ziliendelea kuuzwa. Nyingi hutoka viwandani siku hizi, hazina mwanzi wala gundi ya mkono, na hilo ni hasara ya kweli kwa ufundi. Lakini mteja yupo, haondoki, kwa sababu anadaiwa. Marehemu alimlea, na deni la marehemu halilipiki likaisha. Mwaka ujao atahitaji tena pesa, na pengine simu yenye kamera bora.

Nikiishia hapa nitakuwa nimejirahisishia mambo, maana mila nayo ni mteja asiyeaminika. Inaweza kubaki hai yenyewe na kumtupa fundi wake barabarani. Angalia *hongbao*, bahasha nyekundu. Kwa mtoto ni kile ambacho watu wa pwani tunakiita mkono wa Idi, ila wao hutoa mwaka mpya. Jina la pesa hizo ni la kukandamiza *sui*, neno linaloweza kuwa mwaka na linaloweza kuwa jini mbaya wa usiku; kabla ya noti, sarafu zenye tundu zilipitishwa uzi mwekundu, mtoto akalala nazo karibu na mto. Adabu zake ni nyingi. Noti ziwe mpya. Kiasi kisiwe na 4, maana *si* ni sauti ya kifo pia. Pokea kwa mikono miwili, na usifungue mbele ya aliyekupa. Arusini bahasha huandikwa katika daftari, jina na kiasi, na daftari hilo hutunzwa miaka, kwa kuwa siku mwenzako naye akioza lazima umrudishie si chini ya alichokupa. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi Dar es Salaam atalielewa daftari hilo bila mkalimani.

Januari 2014 WeChat, programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, ikaingiza *hongbao* kwenye simu, ikaongeza kitu ambacho karatasi haikuwa nacho: unatupa pesa kwenye kundi, watu wanaigombania, programu inaamua nani apate nyingi na nani senti. Mwaka uliofuata ilifungamanishwa na tamasha la televisheni ya taifa la usiku wa mwaka mpya, watu wakitikisa simu mbele ya runinga. Bahasha moja mwisho yuani 200. Mila haikufa hata kidogo, ilinenepa. Watu wanaopeana leo ni wengi kuliko waliowahi kupeana, wakiwamo wasiojuana vizuri. Iliyopungua ni ile mikono miwili, na kazi ya aliyechapa bahasha. Nasi tunaotuma mchango wa msiba kwa simu, ujumbe wa “pole sana” ukifuatana na namba ya muamala, hatuna la kuwacheka.

Vyombo vya kaure vya Jingdezhen vimepata bahati zaidi, na sababu naiona ni nyepesi: kikombe huvunjika, na chai hunywewa kila siku. Viwanda vya serikali vya mji ule vilianguka miaka ya 1990, leo umejaa vijana waliotoka mikoa mingine wanaofinyanga na kuuza vikombe vyao wenyewe. Waswahili wa kale walivitumia vyombo vya China kinyume kabisa: bakuli ziligandishwa kwenye minara ya makaburi, kama pale Kunduchi, zikae milele. Mfinyanzi wa China angefurahi kusifiwa hivyo. Mwenye duka lake angependa waendelee kula ndani yake.

Rudi kwenye ule mlango wa chuma. Ukipita korido ya ghorofa lolote la Tianjin siku za mwaka mpya utakuta karibu kila mlango una *fu* nyekundu, na ukanda wa shairi kila upande. Wengi hawakununua. Benki na kampuni za bima huzigawa bure kwa wateja wao, zimechapwa kwa maelfu, herufi ya dhahabu juu ya karatasi nene, na chini pembeni, kwa maandishi madogo, nembo ya kampuni. Mwenye nyumba hubandua ya mwaka jana kwa kisu cha jikoni, akasugua gundi iliyobaki, akapima kwa jicho kama mpya imekaa katikati ya tundu la kuchungulia, kisha akaipindua kichwa chini.